Waliofaulu Kipimo

Kiwanda cha Mbao,
S.L.P. 40, Njombe.
4 Machi, 1996

Kwa Bibi Zamda Mansoor, Mfamasia,
Duka la Dawa la Nuru, Makambako.

Yah: KUPIMWA DAMU KWA WAFANYAKAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Juzi Jumamosi ulikuja kiwandani na mashine yako ya kufunga mkono, ukakaa kwenye banda la kunolea misumeno, ukatupima wote tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Watu thelathini na mmoja ukawaambia wana presha. Mimi ni mmoja wao. Umeniandikia 180 kwa 110 na kunipa vidonge kwenye bahasha ya kaki. Nakuandikia kama Katibu wa Tawi la Chama cha Wafanyakazi, siyo kama mgonjwa, kwa sababu siumwi. Nilichonacho ni hasira, na hasira yangu ina tarehe.

Hadi mwaka juzi kiwanda hiki kilikuwa mali ya umma na kilikuwa na zahanati. Kitanda kimoja, mganga msaidizi mmoja, na dawa zikiwapo ulipewa wewe, mkeo na wanao. Amekuja mwekezaji, zahanati imekuwa stoo ya matairi, nasi tunaambiwa tushukuru kwa kuwa sasa ipo "huduma ya afya kazini": mfamasia binafsi, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa mfanyakazi peke yake. Mke akiumwa ajijue. Soko huria linatibu nusu ya kitanda.

Desemba wamepunguza watu hamsini na wawili. Hakuna aliyeambiwa kwa nini yeye na siyo aliyesimama pembeni yake. Basi swali langu ni hili, na jibu nalitaka kwa maandishi: namba unazoandika kwenye daftari lako zinakwenda wapi? Maana mtu mwenye 180 kwenye meza ya Meneja si fundi tena. Ni gogo lililooza, linangoja kuburutwa nje ya uwanja.

Katika ujenzi wa taifa lililokuwa letu,
Hezekia Mligo,
Katibu wa Tawi


Makambako,
9 Machi, 1996

Ndugu Katibu,

Salaam. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Dulla, dereva wenu, ambaye amenieleza kwamba uliisoma kwa sauti kantini kabla ya kuitia gundi. Kwa hiyo najua kwamba nawajibu wengi.

Hasira naijua. Nilifanya kazi bohari ya dawa ya serikali miaka kumi na miwili, na siku moja nikapewa karatasi ya kupunguzwa kazi. Duka hili nimelifungua kwa kiinua mgongo na kwa msaada wa baba yangu mwenye malori. Lakini hasira huja na kuondoka. Presha inakaa kwenye mshipa hata ukiwa umelala unaota mapinduzi.

Utaratibu ni huu. Kidonge kimoja kila asubuhi, uumwe usiumwe. Kila mwezi nakupima, naangalia dawa imefanya nini, kisha naongeza, napunguza au nabadilisha kwa mwongozo niliokubaliana na daktari wa wilaya. Likinishinda nakuandikia barua umwone yeye. Kampuni inalipia. Punguza chumvi, punguza na pombe ya ulanzi. Dulla ameniambia kuhusu ulanzi pia.

Kuhusu namba: daftari liko kabatini kwangu na ufunguo ninao mimi. Ofisini napeleka orodha ya dawa nilizotoa ili nilipwe.

Kuhusu wake zenu umesema kweli, na mimi nimelisema kwa Meneja. Hakunijibu.

Wako,
Zamda Mansoor


Njombe,
10 Juni, 1996

Bibi Mfamasia,

Katiba ya chama chetu hainizuii kumsifu mtu. Nakiri kwamba mambo yanakwenda. Mwezi wa tatu mfululizo watu wangu wamefaulu. Machi tulikuwa thelathini na mmoja juu ya mstari wa presha. Juni mosi wamebaki wanne tu. Mimi mwenyewe 126 kwa 80.

Umemwona Kefa Kilasi wa msumeno mkubwa? Huyo ni rafiki yangu tangu tulipokuwa Jeshi la Kujenga Taifa. Alianza na 200, Jumamosi ile ya Juni mosi kapata 120. Alirudi kwenye mashine yake akionyesha kadi kwa kila mtu kama mtoto aliyechaguliwa kwenda sekondari. Meneja atatafuta wagonjwa wa kupunguza na hatawaona.

Bado napinga mfumo mzima, na nitaupinga hadi zahanati irudi.

H. Mligo


Makambako,
14 Juni, 1996

Ndugu Katibu,

Ningependa kufurahi pamoja nawe lakini siwezi.

Tarehe 22 Mei Kefa Kilasi alikuja sokoni Makambako kununua mbegu. Nilimwona akipita, nikamwita dukani, nikampima. 196 kwa 118. Aliniomba nisiandike popote. Siku kumi baadaye, kwenye banda lenu, 120 kwa 74. Mapigo ya moyo arobaini na nane, mikono ya baridi, jasho. Dawa niliyompa haishushi hivyo ikimezwa kidonge kimoja kila asubuhi. Inashusha polepole, na ikishusha inakaa chini.

Tena si yeye peke yake. Namba zenu ni nzuri mno. Watu wanaotumia dawa ya presha hawapati namba nzuri wote siku moja.

Na kuna neno umeliandika: "wamefaulu". Nani amewaambia kwamba ule ni mtihani?

Nikiwauliza wanamezaje, wote wananijibu "kila siku, mama". Kwa hiyo nakuuliza wewe. Tafadhali nijibu kwa kweli, maana kuna kosa hapa linaloweza kuua mtu. Na kuanzia Julai kila mmoja aje na bahasha yake nihesabu vidonge vilivyobaki.

Zamda Mansoor


Njombe,
19 Juni, 1996

Bibi Mfamasia,

Sasa tumefika mahali pa kuhesabiana vidonge. Mkoloni alihesabu vichwa vyetu akatutoza kodi, mwekezaji anahesabu mbao zetu getini tukitoka, na wewe unataka kuhesabu tulichomeza. Kesho mtatupasua matumbo mhakikishe.

Wafanyakazi ni watu wazima na wanajua kumeza. Bahasha watakuja nazo, nawe utakuta hesabu imetimia. Usitafute ugonjwa pasipo na ugonjwa.

H. Mligo,
Katibu wa Tawi


Njombe,
8 Julai, 1996

Kwa Bibi Zamda Mansoor, Mfamasia, Makambako.
Nakala: Meneja wa Kiwanda, Ofisi ya Kazi, Mkaguzi wa Dawa, Ubao wa Matangazo.

Yah: MADHARA YA DAWA ZAKO KWA MFANYAKAZI KEFA KILASI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi tarehe 6 Julai, saa tatu asubuhi, mfanyakazi Kefa Kilasi alianguka kwenye foleni ya kupimwa, akiwa wa tatu kutoka mezani kwako. Upande wake wa kushoto haufanyi kazi na mdomo umekwenda pembeni. Dulla amempeleka hospitali ya Ikonda kwa gari la kampuni.

Bahasha yake ilikuwa mfukoni. Ulimpa vidonge thelathini na sita, kimebaki kimoja, kama ulivyoagiza. Mtu huyu alitii kila neno lako, na kutii kwake ndiko kulikomwangusha. Tawi linasema dawa uliyompa ilimzidi nguvu. Tunataka mkataba wako usimamishwe na duka lako likaguliwe. Tumechoka kuwa panya wa kujaribiwa na wafanyabiashara.

Hezekia Mligo,
Katibu wa Tawi


Makambako,
15 Julai, 1996

Ndugu Katibu,

Umepata ulichotaka. Duka limefungwa kwa lakiri tangu Alhamisi. Mkaguzi atakuja kiwandani Jumamosi tarehe 27 kusikiliza pande zote mbele ya wafanyakazi. Akiona kosa ni langu, sitafungua tena, hapa wala pengine. Watu wa mtaani wananisalimia kwa sauti ya msiba.

Nimekwenda Ikonda. Nilikaa na Yunisi, mkewe, kwenye benchi la nje. Nilimwuliza mumewe alimezaje dawa. Akasema, "Muulize Katibu." Basi nakuuliza kwa mara ya pili.

Lakini sina haki ya kukudai ukweli nikiwa nimekunyima wa kwangu. Kifungu cha tisa cha mkataba wangu kinasema kila mwezi nipeleke ofisini majina ya wenye presha na namba zao. Nimepeleka tangu Machi. Uliponiuliza nilikujibu kuhusu orodha ya dawa. Ile orodha ipo, na ya majina ipo pia. Nikakuandikia moja na kuificha nyingine. Nilijiambia Meneja hazielewi namba zile. Mwezi wa tano aliweka kidole juu ya majina mawili, akaniuliza, "Hawa wataendelea kuwa na nguvu kwa muda gani?" Nilijifanya sikusikia, nikaaga. Jina moja lilikuwa la Kefa.

Nilikuwa na mkataba mmoja tu. Nilijua mnaogopa nini, kwa sababu na mimi niliwahi kuwa jina kwenye orodha ya mtu.

Barua hii unaweza kuibandika ubaoni. Haina lolote la uongo.

Zamda Mansoor


Njombe,
21 Julai, 1996

Dada Zamda,

Barua yako niliisoma Jumatano, nikafurahi. Nataka ujue hilo kwanza. Niliisoma mara tatu nikifurahi, maana tangu Machi nilikuwa sahihi, na sasa nilikuwa na ushahidi kwa mwandiko wako. Nikachukua pini nne nikaenda kwenye ubao. Nilikuwa nimekwisha bandika pembe mbili za juu Yunisi alipoingia getini, ameshuka kutoka Ikonda kuja kuchukua nguo.

Hakunisalimia. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Akalifungua, akalishika mbele ya kifua changu nilione ndani. Vidonge. Alisema, "Alivificha kwenye mbegu za mahindi. Ni ishirini na tisa. Chukua, ni vya kwako." Akaenda zake. Nikaitoa barua yako ubaoni.

Hesabu unaiweza. Thelathini na sita ulimpa. Kimoja kwenye bahasha, ishirini na tisa kwenye kopo. Sita alivimeza alfajiri ile ya Jumamosi, vyote kwa maji ya kikombe kimoja, na tangu Juni mosi hakuwa amemeza hata kimoja.

Nilimfundisha mimi. Niliwafundisha wote, Machi ileile, nyuma ya tanuri la kukaushia mbao. Niliwaambia: dawa ya kila siku ni ya kukufanya mteja wa kudumu, msimeze, tunzeni, kisha siku ya kupimwa mezeni vya kutosha mfike chini ya mstari. Mwenye namba ndogo ameze viwili, mwenye kubwa vinne. Kefa alikuwa na kubwa kuliko wote, akajiongezea. Ulipotangaza kuhesabu bahasha niliwaambia wamwage vya ziada chooni. Kefa peke yake alishindwa kutupa dawa nzima, kwao Mawengi watu wanatembea siku nzima kutafuta dawa. Niliona ni ubahili, nikamcheka.

Sasa sikiliza kilicho kibaya zaidi, maana hadi hapa ungeweza kusema sikujua. Mei nne, asubuhi ya kupimwa, nilimeza vinne. Nikaanguka chooni. Niliamka shavu likiwa kwenye saruji, sikumbuki kwa dakika ngapi. Nikajifuta, nikaja mezani kwako, ukanipima, ukasema, "Vizuri sana, Katibu." Nilijua, dada. Miezi miwili nilijua kwamba mbinu yangu inaangusha watu, na sikumwambia mtu, kwa kuwa ningetakiwa kusimama nyuma ya lile tanuri na kusema Katibu amekosea. Mimi nimesoma vitabu kabati zima kuhusu watawala wasioweza kukiri kosa. Nimeandika makala juu yao.

Ijumaa nilikwenda Ikonda. Kefa yuko dirishani, wamemnyoa vizuri. Maneno yanatoka nusu nusu. Nilipiga magoti nikitaka kumwambia, yeye akaniwahi. Ilibidi aseme mara mbili nielewe. Aliniuliza, "Nilipata ngapi?"

Hajui kwamba hakufika mezani. Anadhani alipimwa.

Nikamwambia amefaulu.

Tarehe 27 nitakuja na kopo.

Hezekia


Makambako,
2 Agosti, 1996

Kaka Hezekia,

Nimekuita kaka nikajishangaa, lakini nimeliacha.

Sikupata nafasi ya kusema nawe baada ya mkutano. Ulipoliweka lile kopo mezani kwa mkaguzi na kuanza kusema, nilitazama chini. Uliposema la choo nilisikia watu wakiguna, kisha yule mzee wa stoo akasema, "Kumbe ulitutanguliza sisi." Nilitaka uishie hapohapo, usiendelee, kwa sababu nilijua zamu yangu inafuata. Uliongea kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Sijawahi kukusikia ukiongea bila kumshambulia mtu.

Mimi nilipotaja kifungu cha tisa, hakuna aliyeguna. Yule mama anayefagia uwanja, mwenye 170, alivua kitenge alichokuwa amejifunika mabegani akakikunja taratibu, huku akinitazama. Ningependa angenitukana.

Lakiri imetolewa. Mkaguzi ameandika kwamba dozi ilikuwa sahihi, na kwamba kutoa majina kwa mwajiri ni kosa la kazi yangu. Nimepewa onyo la maandishi na nimelitundika dukani ambapo wateja wanaliona. Meneja naye hakungoja. Ameniambia huduma imekwisha, kwa kuwa "wafanyakazi wenyewe wamethibitisha kwamba hawaihitaji". Ametumia maneno yako na yangu, sote wawili, kujiondolea mzigo.

Kwa hiyo watu thelathini na mmoja hawana dawa, na sababu ni wewe na mimi.

Nimempa Dulla mashine yangu ya zamani. Mpe Yunisi. Nilimfundisha kuitumia tukiwa Ikonda, ana sikio zuri kuliko wauguzi wengi. Dawa ya Kefa nitaituma mimi kila mwezi. Na yako. Usinishukuru.

Zamda


Njombe,
7 Oktoba, 1996

Dada Zamda,

Dulla anakuletea barua mbili. Hii ni yangu. Ile nyingine, yenye sahihi na dole gumba thelathini, ni ya wafanyakazi kwenda kwa mwekezaji, na wamekutumia nakala. Wanadai huduma ya dawa irudi, wewe mwenyewe urudi, kila mgonjwa awe na namba ya siri badala ya jina, na kifungu cha tisa kifutwe. Mwezi uliopita walikaa uwanjani siku mbili bila kuwasha msumeno. Meneja amesema atafikiria. Tawi lina katibu mpya, kijana wa gundi na plaiwudi, hana maneno mengi.

Ile barua niliiandika mimi. Walikuja nyumbani wakaniambia, "Wewe andika, unajua kuandika." Nikaandika, wakasoma, wakafuta mistari yangu yote ya mkoloni. Nilipochukua kalamu niweke sahihi, wakaivuta karatasi. Ndiyo maana ziko thelathini, siyo thelathini na moja.

Kefa yuko nyumbani. Anatembea kwa kushika ukuta. Kila Jumapili baada ya ibada napita kwake. Yunisi hanikaribishi wala hanifukuzi. Anasukuma kigoda kwa mguu, nakaa. Halafu anachukua mashine yako, anampima mumewe, kisha ananifunga na mimi mkono, anakaza kuliko inavyotakiwa. Vidonge vyangu navimeza mbele yake siku hiyo, siku nyingine navimeza peke yangu, kimoja, kila asubuhi. Ni kazi ngumu kwa mtu kama mimi. Hakuna wa kumpinga.

Jana nilimwambia Kefa. Nilimwambia kwamba hakufika mezani, kwamba hakupimwa, kwamba niliposema amefaulu nilimdanganya, na kwamba mbinu ile niliijua ubaya wake tangu Mei. Yunisi alikuwa anasikiliza namba, akaondoa vile vya masikioni ili asikie.

Mate yalimtoka Kefa upande ule, mkewe akamfuta. Halafu akanyoosha kidole cha mkono mzima kwenye mkono wangu uliofungwa.

"Wewe je? Ngapi?"

Yunisi akajibu kabla yangu. "Mia na sabini kwa mia na nne."

Kefa akacheka, nusu ya mdomo. "Umefeli, Katibu."

Nikasema, "Ndiyo. Nimefeli."

Umesema inashuka polepole. Hiyo ndiyo namba ya mwezi huu. Iandike hivyohivyo.

Hezekia Mligo